Tayari ya nani? Kisa cha ukuta wa jipsamu, waya na skrubu ya milimita 35

Mama mwenye nyumba alipiga simu saa moja asubuhi. "Fundi, umeme unakatika kila nikipiga deki." Nikamwuliza kama ameangalia LUKU, akanijibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha ulizwa swali hilo na watu watatu kabla yangu: uniti zipo, jirani wana umeme, na inayoshuka ni ile breka ya kwenye meni swichi yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Akainyanyua, ikakaa. Siku ya deki nyingine, ikashuka tena. Halafu, kama jambo la pembeni tu, akaongeza: "Na ile chuma ya TV nikiifuta vumbi inanitia ganzi vidoleni."

Hapo nilisimama. Nilimwambia azime breka ya soketi, asimruhusu mtu kugusa ukuta ule, na kwamba nakuja.

Nyumba iko Tabata, Dar es Salaam: tofali za saruji za inchi 6, vyumba vitatu, sebule ndefu ya mtindo wa zamani. Mama alitaka kipande cha sebule kikatwe kiwe chumba cha mama yake mzazi, anayekuja kutoka Tanga kwa matibabu. Ukuta wa tofali ungekuwa mzito, wa polepole, na ungeharibu vigae. Tukakubaliana ukuta wa jipsamu: fremu ya chuma yenye nguzo za milimita 70, bodi ya milimita 12 kila upande, urefu mita 4.2, kwenda juu mita 2.7, na mlango mmoja. Bodi nane zilitosha, nne kila upande pamoja na vipande. Ndani ya ukuta huo zipite soketi mbili za chumbani, swichi za mlangoni, na upande wa sebule soketi ya TV kwenye kimo cha mita 1.2. Msimamizi wa kazi nilikuwa mimi. Naliweka hili mapema kwa sababu nitawalaumu mafundi wawili huko mbele, na si haki nijifiche nyuma yao.

Ukuta wa namna hii una utaratibu ambao kila fundi wa Dar anaujua hata kama hajawahi kuuandika. Unachora sakafuni kwa chaki. Unafunga chaneli ya chini na ya juu, unasimamisha nguzo, unafunga bodi upande mmoja. Hapo fundi jipsamu anatoka, fundi umeme anaingia kupitia upande ulio wazi: paipu, boksi, waya. Anapima. Ndipo jipsamu anarudi kufunga upande wa pili, kisha tepu, puti, msasa na rangi. Mwisho fundi umeme anarudi tena kuvalisha soketi na swichi. Mafundi wawili, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi mara mbili. Ukiangalia vizuri, hatua zote hizo unaweza kuzirudia ukikosea, isipokuwa moja: kufunga upande wa pili. Kufunga ni nusu siku. Kufungua ni siku nne, na rangi hailingani tena.

Ilivyokwenda ni hivi. Alhamisi fremu ilisimama na upande wa chumbani ukafungwa. Ijumaa fundi umeme akaingia na saidia wake. Soketi za chumbani akazipigia paipu ya milimita 20 vizuri kabisa, ningeweza kumpiga picha ya matangazo. Ilipofika zamu ya TV, paipu ikapungua na jua linazama. Akavuta zile waya za milimita za mraba 2.5 bila paipu, kutoka boksi la chini hadi kimo cha TV, zikipita mshazari kwenye matundu ya nguzo mbili, akazikaza kidogo zisining'inie. Nia yake ilikuwa Jumamosi apite Kariakoo kununua paipu na ile mipira ya kulinda waya kwenye matundu ya chuma, arudi mchana azivushe upya. Namwamini. Nimefanya naye kazi miaka.

Jumamosi mimi nilikuwa msibani Muheza. Saa nne fundi jipsamu akanipigia, mtandao unakatakata: "Bosi, tufunge?" Nikamjibu: "Kama umeme tayari, fungeni." Yeye anaapa alichosikia ni "fungeni". Nimeshalitafakari sana neno hilo "kama", jinsi lilivyo jepesi mdomoni, na jinsi mnara wa simu wa Muheza ulivyolimeza. Lakini hata angelisikia, lingemsaidia nini? Alimgeukia saidia wa fundi umeme, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo akisubiri bosi wake atoke Kariakoo, akamwuliza: umeme tayari? Kijana akaangalia, akaona waya zimevutwa hadi mwisho, akasema tayari.

Hakudanganya mtu. Kwa kijana, tayari maana yake waya imefika. Kwa fundi jipsamu, tayari maana yake hakuna anayefanya kazi pale. Kwangu mimi niliyekuwa kilomita mia kadhaa, tayari ilimaanisha paipu, boksi, kipimo. Neno moja, watu watatu, na kila mmoja ana haki yake.

Kuna jambo la pili ambalo wenye nyumba huwa hawalioni. Fundi jipsamu analipwa kwa bodi iliyofungwa. Fundi umeme analipwa kwa pointi, yaani kila soketi au swichi. Na Jumamosi ndiyo siku ya malipo. Bodi nne zilizoegemezwa ukutani Jumamosi saa nne si bodi nne, ni hela ya watoto iliyoegemezwa ukutani. Fundi umeme naye akishavuta waya hadi kwenye pointi, machoni pake pointi ile imeshaliwa nusu. Paipu haihesabiki popote kwenye malipo yake, ni gharama tu. Mimi ndiye niliyeyapanga malipo hivyo, kwa sababu ndivyo yanavyopangwa kila mahali, na sikuwahi kujiuliza yanamsukuma nani kwenda upande gani.

Basi wakafunga. Skrubu za milimita 25 ziliwaishia katikati ya bodi ya tatu. Walikuwa na pakiti ya 35 iliyobaki kwenye kazi nyingine, wakaendelea nazo.

Hapa niende taratibu. Bodi ni milimita 12. Skrubu ya 25 ikishazama inabakiza milimita 13 ndani ya nguzo: inatosha kung'ata chuma, haifiki mbali. Ya 35 inabakiza 23. Matundu ya nguzo ya milimita 70 yako katikati, yaani milimita 35 kutoka uso wowote. Waya iliyo katikati ya tundu, tena ndani ya paipu iliyofungwa mahali pake, hata skrubu ya 35 ingekuwa haijaifikia. Lakini waya isiyo na paipu, iliyokazwa mshazari, haikai katikati. Inavutwa ukingoni, inaegemea ule ubavu wa chuma unaopokea skrubu. Ukichukua kosa la waya peke yake, huenda lisingezaa chochote. Kosa la skrubu peke yake, vilevile. Yalikutana kwenye nguzo ya tatu kutoka mlangoni, sentimita 70 kutoka sakafuni.

Jumatatu fundi umeme alikuta ukuta umefungwa na boksi la TV limezikwa. Waligombana, nasikia kwa maneno ambayo mama mwenye nyumba alinirudia kwa kunong'ona. Mwisho akagongagonga, akakata tundu, akakosea kwa sentimita 12, akakata jingine, akaipata ncha ya waya, akavalisha soketi. Ile mipira na paipu alizotoka nazo Kariakoo zilibaki kwenye mfuko. Nilirudi Jumanne, nikaona tundu la kwanza limezibwa kwa puti, nikauliza, nikaambiwa "tulipima vibaya kidogo tu". Sikuomba picha. Sikutoa mega, kile kipimo cha kuonyesha kama waya inavuja, kwenye gari. Mama mzazi alikuwa anafika Ijumaa na mpaka rangi ilikuwa bado. Nikasema haya, endeleeni na skimu, ule upakaji wa puti kabla ya rangi.

Sasa turudi asubuhi ile ya simu. Nilifika kwa yule mama mwenye nyumba saa tatu hivi. "Shikamoo mama." "Marahaba, pole na foleni. Usiguse hapo." Jambo la kwanza, testa kwenye chuma cha kushikilia TV, na breka ya soketi ikiwa imewashwa kwa muda mfupi tu: taa yake ikawaka. Mita ikasoma volti 228 kati ya chuma kile na ethi, waya ya ardhini. Chuma cha TV kina umeme mzima wa nyumba!

Kwa nini kilikuwa na umeme? Kwa sababu nyuma ya bodi hapakuwekwa ubao. Kawaida, mahali pa TV unaweka ubao kati ya nguzo mbili kabla ya kufunga, ili chuma kishike kwenye mbao. Ubao ule ulikuwa kwenye orodha yangu, ulikuwa ukae Jumamosi mchana, baada ya paipu. Ukuta ulipofungwa kabla yake, aliyefunga TV akatafuta nguzo za chuma akazipiga bolti humo humo. Skrubu ilishatoboa waya ya laivu, ile inayoleta umeme, na kuigusanisha na nguzo. Nguzo ikaipa chaneli. Chaneli ikazipa nguzo zote. Bolti zikautoa umeme nje hadi kwenye kitambaa cha vumbi cha mama. Bahati fremu ya dari ilikuwa ya mbao, vinginevyo dari nayo ingekuwa hivyo hivyo.

Na kwa nini breka haikushuka siku ya kwanza? Kwa sababu fremu ile haikuunganishwa na ethi popote, na sakafu kavu haipitishi kitu cha maana. Breka ya kuvuja ya miliampia 30, ile ya kitufe cha T, haisikii volti, inasikia umeme unaopotea njiani. Umeme haukuwa unapotea, ulikuwa umekaa tu ndani ya chuma unasubiri mtu. Mama alivaa ndala, ndiyo maana akapata ganzi badala ya kitu kingine.

Nilipozima kila kitu, nikachomoa TV, friji na chaja zote, nikaitoa waya ya laivu ya mzunguko ule kwenye breka na kupima kwa mega, volti 500, laivu kwa ethi. Ikasoma megaomu 6. Kanuni za umeme za Uingereza ambazo mafundi wengi wetu tumezisomea zinataka isipungue 1. Kwa karatasi, ukuta ule umefaulu. Nikamwomba dada wa nyumbani apige deki kama siku zote, maji yake yale yale, aegemeze brashi kwenye skatingi, ule ukingo wa chini ya ukuta. Baada ya dakika kumi nikapima tena: 0.01. Omu elfu kumi. Gawanya volti 230 kwa hizo, unapata miliampia 23, na breka ya 30 inaruhusiwa kushuka kuanzia 15. Maji yalikuwa yanapenya chini ya skatingi hadi kwenye chaneli, na misumari ya chaneli inashuka kwenye zege. Ndiyo deki yake.

Halafu nikahamisha ncha moja ya mega kutoka kwenye ethi hadi kwenye chuma cha TV. Sifuri, deki au bila deki. Kipimo hicho cha mwisho ndicho kilichonifundisha, maana hata ningetoa mega kwenye gari ile Jumanne, sakafu ikiwa kavu, ningepima laivu kwa ethi peke yake, ningeona 6, ningefunga begi. Kwenye ukuta wa fremu ya chuma pima laivu kwa fremu pia. Ni dakika moja ya ziada. Wapo mafundi wanaosema afadhali fremu yenyewe ifungwe kwenye ethi, na wapo wanaosema haihitajiki kama waya ziko kwenye paipu. Ubishi huo hauishi. Najua tu kwamba fremu ile ingekuwa na ethi, breka ingeshuka Jumatatu ile ile fundi alipovalisha soketi, kabla ya puti, na mimi nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Kuitafuta skrubu yenyewe ilikuwa kazi ya kutenganisha. Ukuta mzima una skrubu za chuma, kwa hiyo kile kifaa cha kutafuta chuma hakisaidii kitu, kinalia kila mahali. Nilifungua soketi moja moja, nikazitenganisha waya, nikapima kipande kwa kipande. Vipande vya chumbani, vile vya paipu, vikatoa namba kubwa. Kipande cha kwenda TV kikatoa sifuri. Tukakata mkanda wa bodi upana wa sentimita 30, mrefu mita 1.2, upande wa sebule, katikati ya ukuta uliopakwa rangi wiki mbili kabla. Ilikuwa pale, imezama kwenye waya mwekundu kama sindano kwenye kidole, na pembeni yake shaba ndogo inang'aa. Nilimwita fundi jipsamu aje aione kwa macho yake, na fundi umeme pia. Walisimama kimya. Kisha fundi jipsamu akasema, "Si ulisema tufunge, bosi?" na fundi umeme akasema, "Nilikuwa Kariakoo." Yote mawili kweli.

Marekebisho yenyewe hayana hadithi: waya mpya ndani ya paipu, ikishuka wima kutoka darini hadi kwenye boksi badala ya mshazari, ubao nyuma ya TV, skrubu za 25, vipimo vyote viwili, bodi, tepu, puti, msasa, na ukuta mzima wa sebule kupakwa upya kwa sababu kiraka hakilingani. Siku nne. Gharama niliibeba mimi, isipokuwa ufundi. Wale wawili walinifanyia bila kudai. Mama hakulipa, na nisingemdai.

Niliwahi kudhani tatizo la kazi za namna hii ni mawasiliano, na dawa yake ni kupigiana simu zaidi. Simu ilikuwapo hapa. Ilipigwa. Ila hapakuwa na mtu mmoja ambaye ruhusa ya kufunga ni yake, na hapakuwa na kitu cha kuonekana kwa macho kinachosema amepitisha. Sasa, kwenye kazi zangu, anayetoa ruhusa ni fundi umeme, si mimi. Anaandika kwa kalamu ya rangi juu ya nguzo, ndani, mahali bodi itakapofunika: tarehe, namba mbili za mega, jina lake. Anapiga picha ya kila nafasi kati ya nguzo na nguzo, futi ya kupimia ikiwa imesimamishwa sakafuni ionekane kwenye picha, anaitupa kwenye kundi la WhatsApp la kazi. Fundi jipsamu haruhusiwi kuuliza "tayari?" Anaangalia kama kuna maandishi. Yakiwapo anafunga, hata niwe msibani, hata simu yangu iwe imezimwa.

Na malipo nimeyageuza. Pointi ya umeme sasa ina bei mbili: sehemu kubwa hulipwa pale namba zinapoandikwa kwenye nguzo, sio pale waya inapofika. Fundi jipsamu akifika Jumamosi akakuta nguzo haina maandishi, analipwa nusu ya bodi ambazo angezifunga siku hiyo, na nusu hiyo inatoka kwenye fungu la fundi umeme. Walinung'unika wote wawili, wa umeme zaidi. Nimelipa nusu hiyo mara moja tu tangu nianze. Kwenye ofa zangu imekuwa mstari mmoja, na wenye nyumba huniuliza kwa nini wamlipe mtu asiyefanya kazi. Huwa nawaambia analipwa kwa kutofunga.

Skrubu za 35 sizikatazi. Zina kazi yake kwenye bodi mbili zilizolaliana. Ila pakiti ikiisha kazi inasimama mpaka iletwe ya kipimo kile kile, na kijana wa bodaboda anajua duka.

Miezi miwili baadaye mama wa Tabata alinipigia tena. Mama yake mzazi anaendelea vizuri, anataka saa ya ukutani chumbani aione akiwa kitandani, msumari upigwe wapi? Nilifungua picha zangu. Za ukuta ule nilikuwa nazo tatu tu, zote za ule mkanda tulioufungua wenyewe, upande wa sebule. Upande wa chumbani, wenye paipu nzuri zile, hakuna aliyepiga picha hata moja. Nikamwambia, mama, ngoja nije. Nilikwenda Jumapili na mega, kuning'iniza saa.